Namna ya Kushusha

Plasta ilipokatwa, mkono wa baba ulitoka umepauka na mwembamba kama muhogo uliomenywa, na ulinuka. Nilicheka. Mama alinikata jicho, lakini kicheko kilishatoka na sikuwa na nia ya kukirudisha. Mkono ule ulikuwa ndio sheria ya nyumba yetu tangu nianze kupata akili. Kuuona umelala mapajani mwake, haujui la kufanya, kulinifurahisha. Sasa nina wajukuu, naweza kulisema bila kuona haya.

Baba alikuwa kuli wa pamba. Miaka ishirini na kitu alibeba marobota katika ghala moja la ushirika pale Mwanza mjini, pamba iliyoshindiliwa na kufungwa nyaya mpaka ikawa ngumu kama ukuta, robota moja wanaume wanne. Kisha likaja soko huria. Wanunuzi binafsi wakaingia vijijini na magari yao, ghala likakosa pamba, makuli wakapewa barua na mkono wa kwaheri. Baba alikaa nyumbani miezi mitano akigombana na redio. Asubuhi moja, akipanda mawe ya nyuma ya nyumba yetu kule Ilemela na ndoo ya maji mkononi, akateleza, mkono wa kulia ukavunjika juu kidogo ya kiwiko. Mtu aliyebeba pamba ya nusu ya Usukuma, kaangushwa na ndoo ya maji! Majirani walikuja wakampa pole kwa sura za msibani, na kila aliyefika kwake alicheka. Nilijua, kwa sababu kuta zetu zilikuwa nyembamba.

Wakati huo viwanda vya samaki vilikuwa vinaota kando ya ziwa kama uyoga. Kimoja kilihitaji makuli wa kubeba kreti za sangara na barafu. Msimamizi wake aliwajua makuli wa ghalani, akawatumia salamu: waje Jumatatu baada ya wiki sita, wajaribiwe. Cheti hakikutakiwa wala barua. Unashika kreti, unatazamwa, unaambiwa baki au nenda.

Asipopita, kilichobaki kilikuwa kimoja, na sote watatu nyumbani tulikijua: angelishwa na mimi. Ukerewe alikozaliwa, kaka zake walishagawana shamba na kusahau kumwita. Mama alikuwa na miguu ya kuvimba. Mwenye mshahara nilikuwa mimi peke yangu, binti wa miaka ishirini na mbili, mhudumu wa hospitali, kazi yangu kufagia na kupanga vitu katika chumba cha mazoezi ya viungo.

"Mimi sitakula ugali wa binti yangu," baba alisema. Alilisema hilo mdomoni mna ugali wangu.

"Basi nitakufundisha," nikamwambia. "Wiki sita zinatosha."

Mama alifurahi, maskini. Alidhani ni huruma.

Niseme kwanza deni nililokuwa namlipa, maana bila hilo nitaonekana nilizaliwa na roho ya nyoka. Baba aliishia darasa la nne, na alikuwa na kiu ya hesabu iliyomkera maisha yake yote. Kiu hiyo alinywea kwangu. Kila jioni, tangu darasa la pili, alinisimamisha nyuma ya nyumba, mgongo kwenye jabali letu, jiwe refu kuliko mlango, nikariri tebo zilizoandikwa nyuma ya daftari. Mbili mara moja, mbili. Mbili mara mbili, nne. Nikikosea, fimbo ilitua kwenye kiwiko, pale penye mfupa, na baba alisema bila hasira yoyote: "Mama, anza upya."

Aliniita mama kwa sababu nimerithi jina la mama yake. Ndiyo desturi, na watu waliosikia walisema, ona anavyompenda mtoto wake, anamwita mama! Mama gani huyo anayepigwa kiwikoni? Na kilichonitesa kuliko fimbo ni kwamba mwenyewe hakuweza kuitamka ile namba. Ulimi wa kwao ulimpa "mbiri". "Mbiri mara mbiri, mama, ngapi?" Nikitabasamu tu, fimbo. Anza upya.

Haya. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo.

Chumba cha mazoezi kule hospitali kilikuwa na mtaalamu mmoja, mama wa makamo mwenye sauti ya kubembeleza. Miaka miwili nilishika ufagio nikamsikiliza akiwainua watu waliovunjika. "Kiwiko ubavuni, baba yangu. Kunja. Pumua nje. Haya, shusha polepole, moja, mbili, tatu, nne." Nilichukua maneno yake yote, nikamwachia ile sauti.

Dambeli hatukuwa nayo, ikabidi niitengeneze. Nilichukua makopo mawili ya maziwa ya unga, fundi wa jirani akanijazia zege, tukachomeka kipande cha bomba la maji katikati, tukaacha likauke siku mbili. Kwenye kila kopo palikuwa na picha ya mtoto mnene anacheka. Kopo moja lilipata zege zaidi, kwa hiyo dambeli ilivuta upande mmoja. Niliona, nikaacha vilevile. Nilijiambia kreti nazo hazina usawa.

Asubuhi ya kwanza nilimkuta amekaa kwenye kigoda.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mama."

"Simama. Mgongo kwenye jabali."

Alilitazama lile jabali, akanitazama mimi, na nikaona ameelewa. Alisimama. Miguu nilimtenganisha kwa ncha ya kandambili yangu. Kiganja kitazame mbele, nikamwambia, kifundo kinyooke, usikikunje kama unaomba. Kisha nikaingia ndani nikatoka na daftari langu la zamani lenye tebo nyuma, nikalibana kati ya kiwiko chake na mbavu.

"Likianguka, unaanza upya."

Msiojua mtadhani kukunja mkono ni jambo la mtoto. Jaribuni. Mkono ukichoka, mwili unaanza wizi: kiwiko kinatoka mbele, bega linapanda, kiuno kinarusha mzigo. Mtu akifanya hivyo anaweza kuhesabu mia na mkono usipate kitu. Kazi inayojenga ni ile ambayo mkono unaifanya peke yake, kila kitu kingine kimetulia, na jabali lilikuwepo kumzuia asisaidiwe na mgongo. Na nusu ya kazi iko kwenye kushusha. Hilo ndilo mtaalamu alilolirudia kila siku: ukiachia mzigo uanguke, umetupa nusu ya dawa.

Baba alikunja. Mishipa ya shingo ilimsimama kwa makopo mawili ya zege! Alipofika juu, nikasema, "Shusha."

Akaachia. Dambeli ilianguka puu, hatua moja kutoka vidole vyangu vya miguu.

"Wee mzee! Unataka kuniua?"

"Umesema shusha," akanijibu, ameshangaa kweli. "Sisi tukiambiwa shusha tunaachia. Wote, mara moja. Robota halimngoji mtu. Ukichelewa nusu ya pumzi linageuka linamlalia mwenzako."

"Hapa si ghalani. Hapa shusha ni moja, mbili, tatu, nne. Na uhesabu mwenyewe kwa sauti nisikie."

Akaokota dambeli, nikalibana daftari, akakunja. "Moja," alisema akishusha. "Mbiri..."

"Nini?"

"Mbiri."

"Hakuna namba hiyo. Anza upya."

Mungu ananiona, lile neno lilikuwa tamu mdomoni. Nilikuwa nimelihifadhi miaka kumi na tano.

Ikawa hivyo kila asubuhi kabla sijaenda kazini. Adabu yangu ilikuwa kamili: kwanza shikamoo, kisha kejeli. Kiwiko kikitoka, nilikigonga kwa mwiko wa ugali. Sikuzidisha, niligonga pale penye mfupa tu. Akipandisha bega nilimuuliza kama anamkuna mtu mgongo. Akitetemeka nilimwigiza akitetemeka. Daftari lilianguka mara nyingi hata jalada likachanika, na kila mara aliinama mwenyewe akaliokota, akalifuta vumbi kwa paja, akalirudisha ubavuni. Hakunitukana hata siku moja. Nilisubiri anitukane, na alivyokaa kimya ndivyo nilivyozidi.

Mama alinishika mkono jikoni, wiki ya tatu. "Mwanangu, huyo ni baba yako."

"Ndiyo maana namsimamia mwenyewe. Mgonjwa mwingine ningemwachia wenzangu."

"Mkono wake unapona. Wewe ndiye sijui utapona lini."

Nikasonya. Nilimsonyea mama yangu, jambo ambalo hata sasa sijalisamehe.

Lakini mkono ulipona kweli, na hilo lazima lisemwe. Nyama ilirudi. Wiki ya nne alikunja kumi bila daftari kutikisika. Kushusha kwake kukawa kuzuri kuliko kwa mgonjwa yeyote niliyemwona hospitali: polepole, sawasawa, kifundo kimenyooka, anayapeleka chini yale makopo na watoto wao wanaocheka kama anayelaza mtoto asimwamshe. Na ulimi nao ukanyooka. Asubuhi moja nilisikia "mbili", safi kama ya mtangazaji. Mwanaume wa miaka hamsini na tatu alikuwa ameweza kusema mbili, na hakuonekana kufurahi.

Wiki ya tano ndiyo nitakayoulizwa siku ya mwisho. Alimaliza kumi, zote safi. Hapakuwa na kosa. Nililitafuta kosa, nalijua kosa likoje, halikuwepo. Jasho lilikuwa linamdondoka kidevuni. Akaniuliza, taratibu, karibu kwa aibu: "Mama, nimefaulu?"

Nikasema, "Anza upya."

Alinitazama. Alijua hapakuwa na kosa, na alijua kwamba najua. Nilitaka anyanyue lile kopo anipige nalo, haki ya Mungu nilitaka. Akabana daftari ubavuni akaanza upya.

Siku mbili kabla ya Jumatatu ya majaribio alisema lililomkaa moyoni. Alikaa kwenye kigoda, akikunjua na kukunja vidole. "Kuna jambo linanitia hofu," alisema. "Kule kazini, shusha ni kuachia. Sasa mwili wangu umezoea hii yako. Nitachanganya."

"Hutachanganya ukitumia akili."

"Ikitolewa amri hakuna kutumia akili. Mkono ndio unaosikia. Tuifanye ya kule, hata siku hizi mbili tu. Wewe sema shusha, mimi niachie."

Ombi lilikuwa dogo hivyo. Lingechukua dakika kumi.

"Ili uharibu mkono wiki ya mwisho?" nikasema. "Kule wewe ni kuli. Hapa mtaalamu ni mimi."

"Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, mama."

"Simama. Mgongo kwenye jabali."

Jumatatu niliomba ruhusa kazini nikaenda kutazama. Nilijiambia nakwenda kumtia moyo. Kiwanda kilikuwa na uzio wa waya upande wa ziwa, na wanawake walijipanga pale na mabeseni wakisubiri mapanki, yale mabaki ya samaki baada ya minofu kutolewa. Nikajichomeka kati yao. Ndani ya uzio walisimama makuli wa zamani kama kumi na watano, wengi na mvi, wamevaa mashati safi kama wanaokwenda kubatizwa. Baba alikuwa wa tano. Alikunja mikono ya shati mpaka juu. Msuli ulikuwepo, ninyi! Mwanamke mmoja mbele yangu akasema, "Yule mzee bado chuma." Kifua changu kikapanuka.

Jaribio lilikuwa jepesi. Watu wawili wanashika kreti iliyojaa sangara na barafu, mmoja huku mmoja kule, wanainua, wanakwenda hatua kama ishirini, wanasimama juu ya jukwaa la mbao lililoloa, msimamizi anatoa amri, wanashusha. Baba alipangwa na mwenzake wa siku zote, mtu aliyesimama upande wa pili wa robota lake miaka yote ile ghalani. Walipeana ishara ya kichwa, wakainua. Walikwenda vizuri, hatua kwa hatua, kama mtu mmoja mwenye miguu minne. Mkono wa kulia haukutetemeka. Nilihesabu hatua zao kwa midomo.

Wakasimama juu ya jukwaa.

"Shusha!" msimamizi akapaza sauti.

Mwenzake akaachia.

Baba alirudisha kiwiko ubavuni. Nilikiona kikirudi. Kifundo kilinyooka, bega likatulia, na midomo yake ikaanza: moja. Na mimi, nasema kweli tupu, kabla sijaelewa kinachotokea, nilijivunia. Nilisema moyoni, hiyo ndiyo, hiyo ndiyo yenyewe. Alipofika mbili, kreti ilishaegemea upande wa pili. Ikateleza kwenye mbao zilizoloa, ikapinduka, barafu na samaki vikamwagika, na kona ya kreti ikatua juu ya mguu wa mwenzake. Yule mzee alipiga ukelele akaketi chini katikati ya sangara. Baba alibaki ameinama, mkono mmoja bado unashuka na hauna kitu.

Kisha wakacheka. Makuli walicheka, walinzi wakacheka, wanawake wenye mabeseni wakacheka hata wakashikana. "Mzee, unalaza mtoto?" mmoja akapiga kelele. "Mwimbie na wimbo basi!"

Msimamizi hakucheka. Alimjua baba wakati wa marobota. Akamsogelea, akamuuliza kwa sauti ya mtu anayetaka kweli kujua: "Miaka yote ile, leo hujui kushusha? Nani kakufundisha hivyo?"

Baba alijifuta mikono kwenye suruali. Hakugeuka kwenye uzio. "Mtaalamu," alisema.

Wakacheka tena. Mwanamke aliyekuwa mbele yangu, yule aliyemwita chuma, alicheka mpaka machozi, akanigeukia ili tucheke pamoja, kama inavyokuwa. Nami nikacheka. Niliogopa asije akajua mimi ni nani.

Mwenzake alifungwa kitambaa mguuni akaambiwa abaki, kazi amepata. Baba aliambiwa aende. Nilimngoja barabarani, akanipita. Nilimfuata mpaka nyumbani, hatua kama kumi nyuma yake, na njia yote ile mkono wake wa kulia ulikuwa umebanwa ubavuni kana kwamba kuna kitu kingeanguka.

Jioni mama alisonga ugali, ugali wangu. Baba alinawa, akakaa, akala. Alikula mpaka akamaliza, na nilitamani mno aukatae.

Asubuhi nilitoka nyuma ya nyumba nikamkuta amesimama kwenye jabali. Hakuna aliyemwambia. Miguu imetengana sawasawa, daftari liko ubavuni, dambeli mkononi.

"Shikamoo, baba."

Alikunja. Akapumua nje. Akaanza kushusha.

"Moja," alisema.

Nilidhani hakunisikia. Nikarudia shikamoo, kwa sauti zaidi. Katika maisha yangu sijawahi kuona mtu akinyimwa marahaba, hata mwizi akiamkia anaitikiwa. Mama alikuwa dirishani, akaufunga mlango wa dirisha polepole.

"Mbili," alisema baba. Ilikuwa safi, haina kasoro yoyote.

Aliishi miaka tisa baada ya hapo, kwenye nyumba ileile, akila chakula changu mara mbili kwa siku. Mambo ya kawaida tuliongea: chumvi imekwisha, mama yako anakuita. Neno mama kwangu hakulitumia tena, aliniita wewe. Mkono ulikuwa mzima kuliko wa vijana wa mtaa na haukubeba kitu kingine chochote. Na kila asubuhi ya miaka hiyo tisa, kabla sijaenda kazini, nilisimama pale nikampa shikamoo yangu, nikasubiri. Alipofika nne, alianza upya.